Siku moja baharini na marafiki: ulizeni maji kwanza

Swali: "Sisi ni wanawake saba tuliosoma pamoja Korogwe, sasa wote tumevuka hamsini. Tumechangishana mwaka mzima ili tupate siku moja ya kupumzika baharini Tanga, bila watoto, bila waume, bila kazi. Tumepanga Jumamosi ya mwisho ya Julai. Tunataka tuone visiwa vya Toten, Yambe na Maziwe, tule samaki, turudi magharibi. Mwenzetu mmoja hutapika hata kwenye daladala, na wanne hatujui kuogelea. Tutafute boti gani, na tubebe nini?"

Dada yangu, salamu kwako na kwa wenzako sita. Nikiwa nahodha wa hapa Tanga, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: Jumamosi ya mwisho ya Julai. Siku hiyo mmeichagua kwa kalenda ya ukutani. Baharini siku huchaguliwa kwa upepo na kwa mwezi wa angani, kisha ndipo mtu hutazama kalenda ya ukutani kama inamruhusu. Jambo hili ni kubwa kuliko boti na kuliko chakula, kwa hiyo nitakaa nalo kwanza.

Julai ni wakati wa kusi. Upepo huo huanza kushika Aprili au Mei, ukawa mkali Juni hadi Agosti, ukaanza kulegea Septemba. Ndiyo miezi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mara kwa mara ile tahadhari mnayoisikia redioni: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mita 2 ukiwa sebuleni ni maneno tu. Ukiwa umekaa ndani ya boti la faiba, wimbi la mita 2 linakuficha nchi kavu. Boti linapanda unaona rasi ya Raskazone, linashuka huoni kitu isipokuwa maji ya kijani pande zote. Mvuvi amezoea, na ana sababu ya kuwa pale. Ninyi mnakwenda kupumzika. Mtarudi mgongo unauma, nguo zimelowa chumvi, na yule mwenzenu wa daladala hatapanda chombo tena maisha yake yote.

Sogezeni safari hadi Oktoba au Novemba. Hapo kusi imekwisha, upepo wa kaskazi haujaanza, na katikati yao bahari hutulia ikawa kama imemwagiwa mafuta. Mvua za vuli zinaweza kuwapitia, lakini mara nyingi hazikai muda mrefu. Mkikosa hapo, tazameni mwisho wa Februari na nusu ya kwanza ya Machi, kabla ya masika. Kati yake, Desemba na Januari, asubuhi huwa nzuri lakini mchana kaskazi huamka na kurusha maji.

Sasa mwezi. Mmekulia Korogwe, kwa hiyo huenda hamkulelewa na maneno haya: bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Hiyo ni bamvua. Hapa Tanga, kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, tofauti inapita mita 3, zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba yako. Mwezi ukiwa nusu, maji hayendi mbali wala hayarudi mbali. Hayo ni maji mafu. Na kuna jambo jema ambalo wazee wetu walilijua bila saa ya mkononi: hapa kwetu bamvua hupwa saa zilezile kila mara. Mwezi 1 na mwezi 15 wa Kiislamu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi huo, maji hukauka kama saa 4 asubuhi, siku ya pili yake kama saa 5 kasorobo, siku inayofuata karibu saa 5 na nusu. Kwenye maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa 4 au 5 bahari imejaa, na inakauka jioni.

Nakuchosha na hesabu hii kwa sababu mmeitaja Maziwe. Maziwe zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga pale kwa wingi kuliko sehemu nyingine za pwani yetu. Miti ikatoweka, mchanga ukaliwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 bahari ilikuwa inakifunika maji yakijaa. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka na kuzama. Kasa hawajakisahau, bado wanakuja kutaga, na mayai yao huhamishwa hadi ufukweni Ushongo yasije yakaoza ndani ya maji. Kwa hiyo ukienda siku isiyo yake au saa isiyo yake, Maziwe hakuna.

Nalijua hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimpeleka mama mmoja aliyetimiza miaka 70, na wanawe, na wajukuu. Walitaka kuondoka baada ya chakula cha mchana kwa sababu wengine walikuwa njiani kutoka bara. Ilikuwa mwezi 16. Nilijua karibu saa 11 jioni maji yatakuwa juu kabisa, na nikakubali, kwa kuwa fedha ilikuwa mezani na nilikuwa nadaiwa mashine. Tulifika tukakuta mawimbi meupe yanakatika juu ya mchanga usioonekana. Mjukuu mmoja alikuwa amepakata keki, krimu inamtiririka mkononi. Yule bibi akaniuliza kwa upole, "Baba, kisiwa kiko wapi?" Nikamwonyesha maji. Nilimrudishia mwanawe nusu ya nauli, lakini siku ile sikuweza kumrudishia mama yule. Tangu hapo mtu akinitajia saa ya kuondoka kabla hajaniuliza maji, namwomba tuanze upya.

Kwa hiyo, dada, shikeni kalenda ya Kiislamu, tafuteni Jumamosi ya Oktoba au Novemba inayoangukia mwezi 15 hadi 17, au mwezi 1 hadi 3. Mchanga wa Maziwe huanza kuonekana saa mbili tatu kabla maji hayajakauka kabisa. Mnaondoka ufukweni saa 2 asubuhi, upepo bado ni wa umande unaotoka nchi kavu, bahari kimya. Kwa mbali mtaona maji yakibadilika kutoka buluu iliyokolea kuwa ya kijani kibichi, kisha mstari mwembamba mweupe kama uzi, kisha uzi unanenepa. Mtakapofika, mgongo wa mchanga utakuwa bado unachuruzika maji, hauna hata nyayo moja ila za ndege. Hapo mna saa nne nzuri. Saa 7 nahodha akiwaita, inukeni. Maji yakianza kuingia hayasubiri mtu akunje kanga.

Hizo sehemu tatu kwa siku moja, hapana. Toten na Yambe ziko Tanga mjini, Maziwe iko Pangani, karibu kilomita 50 kusini kwa barabara. Kuzifuata zote ni kushinda juu ya mashine inayonguruma, mnavuta moshi wa petroli na kutazama saa. Na petroli ndiyo inayokula fedha ya safari, si boti. Chagueni moja. Mkichagua Maziwe, laleni Pangani au Ushongo Ijumaa. Kutoka Ushongo hadi kwenye mchanga ni kilomita 8 hivi.

Ikiwa Jumamosi zenu zote zinaangukia maji mafu, msilazimishe Maziwe. Njooni Tanga mjini, maana maji mafu ndiyo siku ya ghuba yetu. Asubuhi imejaa, chombo kinakaribia Toten bila kukwama kwenye tope la mikoko. Kule kuna magofu ya misikiti na makaburi ya watu waliokaa kisiwani kabla mji haujahamia ng'ambo. Mwende kwa adabu, mjitande. Kisha mnazunguka Raskazone, pale majeshi ya Waingereza yaliposhuka Novemba 1914 yakarudishwa baharini na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao, wazee wanasema, wakaingia vitani. Mkitaka kuogelea na kuona matumbawe, mnatoka hadi Yambe. Ghuba hii yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu wa Kigombe walianza kumkuta kwenye nyavu za jarife miaka ya 2004 na 2005. Wageni huniuliza kama watamwona. Hamtamwona, mara nyingi anakaa kina cha zaidi ya mita 100, gizani, na ni heri akae huko. Ila kuna ada ya hifadhi, na Maziwe pia iko chini ya kitengo cha hifadhi za bahari kinachoisimamia hii. Lipeni, daini risiti. Ambaye anawaambia "tutapita kimyakimya" hafai kuwa nahodha wenu.

Hapa niseme neno moja kuhusu matumbawe, kwa sababu linanigusa. Mimi nimekua nikisikia baruti za wavuvi haramu. Ulikuwa umekaa chomboni, unahisi mlipuko kwenye mbao chini ya miguu kabla masikio hayajasikia, na nusu saa baadaye samaki wadogo wanaelea tumbo juu. Mahali palipopigwa pakabaki kokoto. Sasa pameanza kupona, polepole mno. Msisimame juu yake. Mwambieni nahodha atie nanga kwenye mchanga, na mkimwona anaitupa juu ya mwamba, semeni.

Chombo. Kwa watu saba na mabaharia wawili, kwa Maziwe nataka mpate boti lenye mashine mbili, au moja kubwa na moja ndogo ya akiba, na turubai la kivuli, kwa sababu kule hakuna mti hata mmoja. Msikodi kwa kichwa, kodini chombo kizima, vinginevyo mtafika ufukweni mkute mmeongezewa watu. Ulizeni cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Mwenye cheti hatakasirika kuulizwa. Sisi wa pwani tangu Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba imejaza kupita kiasi, hatuoni aibu kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga. Hesabuni na jaketi za kuokolea maisha: ziwe saba zenu na mbili zao, zenye kamba na vifungo vizima. Kazivaeni pale ufukweni mkiwa mnacheka, msingoje bahari ichafuke ndipo mtafute mkono unaingia wapi. Majina yenu yote na namba ya simu ya nahodha muachieni mtu wa nchi kavu.

Mpeni kianzio, msimpe yote. Na mkubaliane tangu mwanzo: asubuhi hiyo nahodha akisema leo hatutoki, fedha yenu inahamia siku nyingine. Nahodha aliyebanwa na fedha hutoka hata pasipotokeka, nimeshawaeleza yangu. Chagueni pia mmoja wenu wa kuzungumza naye, maana manahodha wengi chombo huenda mrama, na watu waliosoma pamoja wana sauti.

Mwenzenu wa daladala. Huyu ndiye niliyemfikiria zaidi, kwa sababu akiugua yeye, ninyi sita hamtapumzika. Kigegezi, yaani kichefuchefu, hakitoki tumboni, kinaanzia sikioni. Ndani ya sikio mna kitu kinachopima mwili umelalia wapi; sikio linasema tunayumba, macho yanayotazama sakafu ya boti au simu yanasema tumetulia, na ubongo unachanganyikiwa. Kwa hiyo myapatanishe macho na sikio. Akae katikati ya chombo kuelekea tezini, yaani nyuma, pale panapocheza kidogo, asikae omo, yaani mbele, panaporuka. Lakini asikae juu ya tangi la petroli wala upande unaopeleka moshi. Atazame mbali, pale mbingu inapokutana na bahari. Simu aifunge. Usiku wa kuamkia safari ale mapema, na asubuhi asipande na tumbo tupu wala na chai ya maziwa na chapati za mafuta. Mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha. Aende duka la dawa siku moja kabla, amweleze mfamasia presha yake na dawa anazotumia, apewe vidonge vya safari, na avimeze kama saa moja kabla ya kupanda. Akishaanza kutapika kidonge hakikai. Na msimwambie kila dakika "vipi, unajisikiaje?" Mpigisheni hadithi za bweni. Nimeona watu waliokuwa wameshika ndoo wakapona kwa kuimba tu.

Ninyi wanne msiojua kuogelea, Maziwe ni yenu kuliko ya mwogeleaji, kwa sababu kuna maji ya magotini yaliyotulia upande wa ndani mnaweza kuyakalia kama beseni. Ila msitembee hadi ukingo, mchanga hukatika ghafla. Na nakuomba kama kaka: msiingie majini na dera. Dera likilowa ni zito, linakamata miguu, na mtu mzima anaanguka kwenye maji ya kiunoni asiweze kuinuka. Vaeni taiti na fulana ya mikono mirefu, itawasitiri na kuwakinga na jua. Miguuni yeboyebo zenye kamba ya kisigino, kwa sababu ya wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi na kwa sababu ya taa, samaki anayejifukia mchangani. Buruteni miguu mkitembea, msiinyanyue. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe.

Choo hakuna, si botini wala kisiwani. Wanawake huona haya kuniuliza, wakaacha kunywa maji kutwa nzima, jioni vichwa vinawapasuka. Nendeni ufukweni kabla ya kupanda, bebeni kanga mbili tatu za kuzibiana, na mwambieni nahodha apeleke mabaharia upande wa pili wa mchanga. Mwenye adabu huenda bila kuambiwa. Kunyweni maji, lita 2 kila mmoja, na madafu juu yake.

Chakula msikuze shughuli. Wekeni oda ya changu au kolekole wa kuchoma kwa nahodha tangu Ijumaa, wali wa nazi upikwe nchi kavu uje kwenye hotipoti, ndimu na pilipili pembeni, matunda. Pweza wa kukaanga ni mtamu, lakini mwacheni kwa jioni mkiwa mmesharudi. Vitu vya mafuta na jua la saa 6 havipatani. Mifuko na chupa zote zirudi nanyi, kasa hula plastiki akidhani ni yavuyavu.

Jambo la mwisho ni la kumwomba nahodha mapema, kwa sababu siku hizi wengi huliacha nyumbani: aje na tanga. Kama chombo chenu ni boti la faiba tu, basi. Lakini mkipata mashua ya mbao yenye mashine, mwambieni mnataka kurudi kwa upepo. Mchana upepo hutoka baharini kwenda nchi kavu, unakuwa nyuma yenu. Mabaharia wawili watavuta kamba, foromali, ile boriti inayobeba tanga, itapanda ikilia kwenye mlingoti, kitambaa kitapiga makofi mara mbili tatu halafu kitajaa. Kisha mwambieni azime mashine. Watu saba waliokuwa wanapigiana kelele tangu saa 2 asubuhi hunyamaza wote kwa pamoja, wasijue kwa nini. Kinachobaki ni maji yanapita ubavuni mwa chombo, na mbao zikigugumia. Ushongo itakuja yenyewe, taratibu, kwanza minazi, halafu mapaa ya makuti, halafu watoto wakikimbilia majini kupokea kamba. Muda wake ni kama saa moja na nusu, badala ya dakika 40 za mashine, na petroli yake mnayookoa inatosha kuwapa mabaharia chakula cha jioni.